Msoma Mita

Mtembezi hula miguu yake. Sawa.
Nimekula yangu miaka ishirini na sita
kwa mshahara wa kampuni ya maji,
nikipanda na kushuka ngazi za Valparaíso,
daftari kwapani, kalamu sikioni,
na mfukoni biskuti za mbwa.

Biskuti hazikuwamo kwenye orodha ya vifaa.
Nibaldo ndiye aliyenifunza, siku ya kwanza:
"Ramani waachie wenye viti.
Huku juu mtaa hujulikana kwa mbwa wake."

Ramani ilisema: Njia ya Jasmini, nyumba arobaini na moja.
Haikusema kwamba njia yenyewe ni ngazi,
vidato mia na tisa, cha sitini kimevunjika,
na kwamba ukifika cha sabini, mwezi wa Januari,
upepo wa kusini hukusukuma kifuani
kama mkono wa mtu asiyetaka upite.
Hayo hayakuandikwa popote.
Goti langu la kushoto linayajua.

Namba nazo, mwanzoni nilizisoma kama namba.
Kumi na nne. Kumi na sita. Kumi na tano.
Kisha, sijui lini, nikaanza kuzisikia.
Kwa akina Urrejola maji yalipanda ghafla
na kabla sijabisha hodi nikaona nepi kwenye kamba.
Kwa Bi Hortensia yalishuka, tisa hadi nne,
mwezi ule alipomzika mumewe,
yakabaki nne,
nne,
nne,
majira ya baridi yakaja yakapita, nne,
hadi asubuhi moja nikakuta saba
nikachutama pale na tochi yangu kama mjinga,
nikilichekea bomba.
Sikumuuliza kitu.
Ziko salamu ambazo mtu huzitoa
kwa kuandika saba yake vizuri, isifanane na moja.

Halafu kuna duka la mikate.
Liliungua usiku wa ule moto wa mlimani,
likabaki jiko la matofali, sasa hata jiko halipo:
magugu, godoro, paka wawili.
Lakini waulize watoto waliozaliwa baada ya moto
wanakutania wapi kabla ya mpira.
"Kwenye mikate," watakwambia,
na hawajawahi kunusa mkate pale.
Mimi nadhani mji ni huo.
Au tuseme, mji ni huo pia.

Mwaka jana wakaleta mita zinazojisemea,
usiku zinatuma namba zenyewe, hazikohoi, hazichoki.
Kijana mmoja mhandisi, mpole, viatu vyake vipya,
akanifungulia kioo chenye vitone vya buluu:
"Tazama, kilima chote hiki hapa."
Nikatazama. Nikavaa miwani, nikatazama tena.
Nilikuwa nakitafuta kidato cha sitini.

Sasa nimestaafu. Jumanne bado napanda,
bila daftari. Mbwa hawajui habari za kustaafu.
Nikishuka napitia kwa Nibaldo, kule chini kwenye tambarare,
ambako binti yake amemhamishia kwa sababu ya nyonga.
Anafunga redio. "Haya, nisomee."
Namsomea: lango la kijani, sasa jekundu.
Yule mbwa mweusi ana watoto watatu.
Bi Hortensia ameanika mashati mawili ya kiume,
hapo Nibaldo anacheka hadi anakohoa.
Tunapanda hivyo, tumekaa, chai inapoa,
na ananisahihisha kila ninapokwenda haraka.

"Umekanyaga cha sitini," ananiambia.

"Wamekitengeneza, Nibaldo. Wamemimina saruji."

Ananyamaza. Mikono yake iko magotini
kama mtu anayepumzika katikati ya ngazi.

"Hata hivyo," anasema. "Kiruke."